Kuweka aina za miamala kwenye programu ya hesabu za wadaiwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamlenga mwenye duka, mhasibu au karani anayeuza kwa deni Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia na sehemu za karibu, na ambaye sasa anahama kutoka kwa kitabu cha madeni au Excel kwenda kwa programu. Mifano mingi ni ya maduka ya vifaa vya ujenzi na agroveti kwa sababu hao ndio ninaowasaidia zaidi. Majina ya vitufe hutofautiana kutoka programu moja hadi nyingine, lakini kazi ni ile ile.

Aina ya muamala ni nini hasa?

Ni maagizo unayoipa programu mara moja ili karani asilazimike kuyaamua upya kila siku. Karani akichagua "ankara ya mauzo", programu inajua kwamba deni la mteja linapanda, mapato yanaingia akaunti fulani, VAT inahesabiwa, na nambari ya ankara inatoka kwenye mfululizo fulani. Akichagua "malipo ya M-Pesa", inajua kwamba deni linashuka na pesa zinaingia akaunti ya M-Pesa.

Ndiyo maana nasisitiza kazi hii ifanywe kwa utulivu kabla ya ankara ya kwanza kutoka. Ankara moja iliyokosewa ni kosa moja. Aina iliyokosewa hurudia kosa lile lile kwa kila mteja, kila siku, bila mtu kuliona, hadi mwenye deni aje na risiti zake mkononi kupinga taarifa uliyomtumia. Na mteja aliyedaiwa pesa alizokwisha kulipa hasahau upesi.

Nahitaji aina ngapi?

Chache. Duka la kawaida linaweza kuanza na hizi: ankara ya mauzo, noti ya krediti (hati ya kumpunguzia mteja deni), noti ya debiti (ya kumwongezea), malipo ya benki, malipo ya M-Pesa, malipo taslimu, VAT iliyozuiliwa, ushuru wa mapato uliozuiliwa (ushuru ambao mlipaji huukata kwenye malipo yako na kuupeleka KRA), hundi iliyorudi, kufuta deni, na salio la kuanzia (madeni ya zamani unayoyahamishia kwenye programu). Ukiuza nje ya nchi utaongeza ankara ya nje. Ukipokea amana kabla ya kutoa bidhaa, utaongeza ya amana.

Kishawishi kikubwa ni kufungua aina kwa kila tawi, kila bidhaa na kila mteja mkubwa: "Ankara Kisumu mabati", "Ankara Kisumu simiti", "Ankara Maseno shule". Baada ya miezi michache orodha inakuwa ndefu hata karani anachagua ya kwanza anayoiona. Mabati na simiti zitofautishwe kwenye orodha ya bidhaa. Tawi lina sehemu yake, na shule ni kundi la wateja. Programu itakupa ripoti kwa mojawapo ya hizo bila kugusa aina za miamala.

Mimi hutumia kipimo hiki: aina mpya inastahili tu ikiwa inabadilisha upande wa deni, akaunti inayoguswa, namna ya ushuru, mfululizo wa nambari, au mtu anayeruhusiwa kuitumia. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachobadilika, unachotaka ni maelezo, na nafasi ya maelezo ipo kwenye ankara yenyewe.

Programu yetu ilikuja na aina zake. Tuzitumie zilivyo?

Inategemea programu. Kwenye QuickBooks ya kompyuta, ankara, noti ya krediti na malipo vimejengwa ndani na huwezi kuvibuni upya. Unachokipanga ni orodha ya bidhaa na huduma, kila moja ikielekezwa kwenye akaunti yake. Odoo hupanga kwa majarida, yaani daftari kwa kila kundi la miamala: la mauzo, la benki, la taslimu. Oracle Receivables hukuachia ufungue aina zako mwenyewe, ukitaja tabaka lake (ankara, noti ya krediti, noti ya debiti, amana), kama inaongeza au inapunguza, akaunti zake, na kama itaingia leja kuu (daftari la akaunti zote za biashara) au la.

Kwa yoyote ile, usiifute aina iliyokuja na programu hata kama huitumii. Izime. Mara nyingi kuna ripoti inayoitegemea ndani kwa ndani.

Ni mambo gani yajazwe kwenye kila aina?

Anza na upande: debiti au krediti kwa mteja. Ankara, noti ya debiti na hundi iliyorudi humwongezea mteja deni. Malipo, noti ya krediti, ushuru uliozuiliwa na kufuta deni humpunguzia. Programu nyingine hukuruhusu kuchagua "upande wowote". Usichague hivyo kwa aina ya kila siku. Aina inayokubali pande zote mbili itapokea ankara yenye alama ya kutoa, na hapo noti ya krediti inakuwa imepita bila idhini ya mtu.

Kisha akaunti ya upande wa pili. Upande mmoja wa muamala kwa kawaida ni akaunti kuu ya wadaiwa, yaani ile ya leja kuu inayobeba jumla ya madeni ya wateja wote, na programu huigusa yenyewe. Wewe unataja ule mwingine: mapato kwa ankara, benki kwa malipo, madeni mabaya (yasiyolipika) kwa kufuta deni. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kuichagua akaunti kuu ya wadaiwa kama upande wa pili pia. Muamala unajidebiti na kujikrediti papo hapo: leja ya mteja inabadilika, leja kuu haibadiliki, na kuanzia siku hiyo jumla hizo mbili hazilingani tena. Zuia akaunti hiyo isichaguliwe kwa mkono mahali popote.

Halafu ushuru, mfululizo wa nambari, masharti ya malipo, na swali la kuingia leja kuu. Hili la mwisho lijibiwe "ndiyo" kwa kila aina, isipokuwa nukuu ya bei na ankara ya awali isiyo rasmi, ambazo hazistahili kugusa deni la mteja hata kidogo.

Kiwango cha VAT kiwekwe kwenye aina ya muamala au kwenye bidhaa?

Kwenye bidhaa, kila mara programu inaporuhusu. Duka la jumla la Kibuye linaweza kuuza kwa ankara moja mkate wa kawaida wenye kiwango cha sufuri na sabuni ya asilimia 16. Ukifunga kiwango kwenye aina, utalazimika kumwandikia mteja huyo ankara mbili.

Tenganisha pia sufuri na msamaha, ingawa mteja akitazama bei hataona tofauti. Anayeuza bidhaa za kiwango cha sufuri anaweza kudai VAT aliyolipa kwenye manunuzi yake. Anayeuza vilivyosamehewa, kama huduma za matibabu au elimu, hawezi. Kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kuna herufi kwa kila hali: A ni msamaha, B ni asilimia 16, C ni sufuri, D ni visivyo vya VAT. Programu yako ikiwa na msimbo mmoja tu wa "bila VAT", herufi zitakazotumwa KRA zitakuwa za kubahatisha.

Usiandike "16" ndani ya jina la aina au msimbo wa ushuru. Mwezi wa Aprili 2020 kiwango kilishushwa hadi asilimia 14 kwa sababu ya korona, kikarudi 16 Januari 2021. Waliokuwa na msimbo "VAT16" walibaki na jina lisilosema ukweli. Uite "VAT ya kawaida", na asilimia uiweke kwa tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Miamala gani itumwe eTIMS?

Ankara za mauzo na noti za krediti. Malipo, hundi zilizorudi, ushuru uliozuiliwa, kufuta deni na salio la kuanzia havitumwi. Kama programu yako imeunganishwa moja kwa moja na eTIMS, kila aina huwa na swichi ya kutuma au kutotuma. Zipitie zote, moja baada ya nyingine, kabla ya kuiwasha. Salio la kuanzia likitumwa kwa bahati mbaya, mauzo ya miezi iliyopita yataonekana kama mauzo mapya na utadaiwa VAT yake mara ya pili.

Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kama punguzo la ushuru wa mapato isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa na sheria. Kwa hiyo mteja wako wa biashara naye anaihitaji ankara yako. Jaza nambari yake ya PIN kwenye kadi ya mteja mapema, ukiikagua herufi kwa herufi, kwa sababu ankara iliyotoka na PIN isiyo yake haimsaidii.

Kaunti imetulipa pungufu ya ankara. Tuandikeje tofauti?

Swali hili linastahili jibu refu, maana hapa ndipo leja nyingi za wakandarasi na wauzaji wa eneo hili zinapoharibika.

Chukua mkandarasi wa Kakamega aliyekarabati madarasa. Kazi ni shilingi 500,000, VAT ni 80,000, ankara inasoma 580,000. Mlipaji ni wakala aliyeteuliwa na KRA kuzuia ushuru. Anazuia VAT ya asilimia 2 ya thamani ya kazi kabla ya VAT, yaani shilingi 10,000. Kwa kuwa ni kazi ya ujenzi, anazuia pia ushuru wa mapato wa asilimia 3, yaani 15,000. Benki inaingia 555,000.

Karani anaoanisha 555,000 na ankara, na 25,000 zinabaki zikidaiwa. Baada ya miezi mitatu ripoti ya umri wa madeni, ile inayoonyesha kila deni limekaa siku ngapi, inaonyesha kaunti ina deni la zaidi ya siku 90. Mtu anapiga simu, anajibiwa kwamba walishalipa yote, kila upande unaona mwenzake ni msumbufu. Karani mwingine, ili ripoti ipendeze, anazifuta 25,000 kama punguzo la bei. Huyo ameitupa pesa halali ya mwajiri wake, kwa sababu ule ushuru tayari umelipwa KRA kwa jina lake.

Fungua aina mbili. Ya kwanza, VAT iliyozuiliwa: krediti kwa mteja, upande wa pili ni akaunti ya mali iitwayo "VAT iliyozuiliwa, tunadai". Ya pili, ushuru wa mapato uliozuiliwa: krediti kwa mteja, upande wa pili ni akaunti nyingine ya mali. Usizichanganye katika akaunti moja. VAT iliyozuiliwa hudaiwa kwenye ritani ya VAT ya kila mwezi, na ushuru wa mapato kwenye ritani ya mwaka. Siku pesa zinapoingia, karani anaandika mistari mitatu: benki 555,000, VAT iliyozuiliwa 10,000, mapato yaliyozuiliwa 15,000. Ankara inafungwa.

Kwenye aina hizo mbili, ifanye sehemu ya rejea kuwa ya lazima, na humo iandikwe nambari ya cheti cha kuzuia ushuru. Cheti kikichelewa kuonekana iTax, tovuti ya KRA ya ritani na vyeti, karani aandike "bado". Mwisho wa mwezi, toa orodha ya zote zenye "bado" umfuate mlipaji. Bila cheti huna cha kuwaonyesha KRA, na kadiri muda unavyopita ndivyo mtu aliyeshughulikia faili lako anavyohamishwa ofisi.

Wasiofanya kazi ya ujenzi wakumbuke kwamba kiwango cha zuio la mapato hutegemea kazi. Ada za kitaalamu na ushauri, kwa mkazi wa Kenya, huzuiwa asilimia 5. Kwa hiyo asilimia yenyewe usiifunge kwenye aina. Mwache karani aweke kiasi kinachoonekana kwenye hati ya malipo.

Noti ya krediti iwekwe vipi?

Iwe krediti kwa mteja, itumwe eTIMS, na isikubali kuhifadhiwa bila nambari ya ankara ya asili. eTIMS yenyewe inaitaka nambari hiyo, kwa hiyo ni bora programu imkatalie karani mapema kuliko muamala kukwama njiani.

Upande wake wa pili usiwe mapato moja kwa moja. Tumia akaunti ya "mauzo yaliyorudishwa" kwa bidhaa zilizorudi, na ya "punguzo baada ya mauzo" kwa bei iliyopunguzwa. Mwenye duka ana haki ya kujua kama mabati yanarudi kwa sababu yana kutu, au kama muuzaji wake anatoa punguzo kila anapobanwa na fundi. Zikifichwa ndani ya mapato, hutaziona kamwe. Kwa hili nakubali aina mbili za noti ya krediti, maana akaunti zinatofautiana. Ile ya bidhaa zilizorudi irudishe pia stoku. Ya punguzo isiguse stoku.

Sheria ya VAT inataka noti ya krediti itolewe ndani ya miezi 6 tangu ankara itolewe, isipokuwa pale penye mgogoro wa kibiashara uliofika mahakamani. Kama programu yako inaweza kuonya karani ankara ikizidi umri huo, washa onyo hilo.

Tunaweza kutumia noti ya krediti kufuta deni lisilolipika?

Hapana, na naomba mlizingatie hili. Noti ya krediti inasema mauzo hayakuwa vile yalivyoandikwa, hivyo inapunguza VAT unayopaswa kulipa. Deni bovu ni mauzo halali ambayo mteja hakuyalipa. Kwa hilo kuna aina yake: krediti kwa mteja, upande wa pili ni gharama ya madeni mabaya, bila ushuru, bila eTIMS. VAT ya deni bovu ina utaratibu wake wa kuomba kurudishiwa kwa KRA, wenye muda na masharti yake. Mkabidhi mshauri wako wa ushuru.

Aina hii iwe mikononi mwa mtu mmoja au wawili, na karani anayepokea pesa asiwe mmoja wao. Anayepokea pesa na pia kufuta madeni anaweza kula malipo kisha akalifuta deni, na hakuna ripoti itakayomshtaki.

M-Pesa, benki na taslimu zitenganishwe?

Zitenganishwe, kwa sababu kila moja ina taarifa yake ya kulinganisha mwisho wa siku. Kama una Paybill na till, hizo nazo ni mbili.

Paybill ina faida moja kubwa: mteja huandika nambari ya akaunti. Wape wateja misimbo mifupi, kama KSM014, na uichapishe juu ya kila ankara kwa herufi kubwa. Kwenye till hakuna nambari ya akaunti, unategemea utambulisho wa anayelipa tu, na mara nyingi anayelipa ni mke wa mteja, fundi wake au dereva wa lori. Malipo ya namna hiyo yaingizwe siku hiyo hiyo kwenye mteja wa muda anayeitwa "malipo yasiyotambuliwa", yasisubiri kwenye daftari. Yakitambuliwa, yahamishwe.

Nambari ya muamala ya M-Pesa ina herufi na tarakimu 10. Iweke iwe rejea ya lazima na uizuie programu kukubali nambari ile ile mara mbili. Mpangilio huu mdogo unazuia ujumbe mmoja kuonyeshwa kaunta asubuhi na tena jioni.

Makato ya M-Pesa yasipunguze malipo ya mteja. Akilipa 20,000, deni lake lishuke 20,000, na makato yaende gharama za biashara.

Hundi ya mteja imerudi. Tuandike ankara mpya?

Usiandike ankara mpya. Ankara mpya itahesabu VAT tena na kumpa mteja deni la tarehe ya leo, wakati deni lake ni la miezi miwili nyuma.

Njia safi ni kuyatangua malipo yenyewe ili ankara ya zamani ifunguke upya na tarehe yake. Kama programu yako haina uwezo huo, tumia aina ya "hundi iliyorudi": debiti kwa mteja, upande wa pili ni benki ile ile iliyoipokea, bila ushuru, na tarehe ya kudai iwe ile ile ya ankara iliyolipwa kwa hundi hiyo. Ada ya benki kwa hundi iliyorudi ni jambo tofauti. Ukiamua mteja ailipe, mwandikie noti ya debiti.

Kumbuka pia kwamba hundi moja haizidi shilingi 999,999. Kiasi cha kuanzia milioni moja hupitia RTGS (njia ya benki ya kutuma kiasi kikubwa moja kwa moja), na hicho ni malipo ya benki ya kawaida, hakihitaji aina yake.

Shule imelipa kabla hatujapeleka bidhaa. Hiyo ni malipo tu?

Ni malipo, lakini hayana ankara ya kuoanishwa nayo, na ukiyaacha yaelee kwenye leja ya mteja yataonekana kama deni lenye alama ya kutoa. Fungua aina ya amana: pesa ziingie benki, upande wa pili uwe akaunti ya dhima (unachodaiwa wewe) iitwayo "amana za wateja". Bidhaa zikifika shuleni, toa ankara na uilipe kutoka kwenye amana.

Kuna jambo la VAT hapa ambalo wengi hulikosa. Muda wa kutoza VAT ni ule unaotangulia kati ya bidhaa kutolewa, ankara kutolewa, na malipo kupokewa yote au sehemu. Kupokea amana ya bidhaa yenye VAT kunaweza kuamsha ushuru kabla lori halijatoka ghalani. Kwa amana kubwa, zungumza na mhasibu wako kabla ya kuipokea.

Wakulima hutulipa wakivuna. Tuwafungulie aina yao?

Hapana. Ankara ya mbolea ya Machi na ankara ya misumari ni aina moja. Kinachotofautiana ni masharti ya malipo. Weka sharti la tarehe maalum. Kwa mkulima wa Trans Nzoia anayevuna kuanzia Oktoba, tarehe ya kudai inaweza kuwa 30 Novemba. Ukimwekea siku 30 za kawaida, programu itamtumia ujumbe wa kumkumbusha deni mwezi wa Mei, mahindi yakiwa magotini, na atakuona umevunja makubaliano.

Sharti hilo liwekwe kwenye kadi ya mteja. Lile la kwenye aina ya muamala litumike tu pale mteja hana lake.

Tunauzia Uganda kupitia Busia na Malaba. Kuna la ziada?

Ankara ya nje inastahili kuwa aina yake kwa sababu ushuru, mfululizo wa nambari na mara nyingi akaunti ya mapato hubadilika. Mauzo ya nje yana kiwango cha sufuri, herufi C, lakini kwa sharti la hati za forodha kuthibitisha kwamba bidhaa zilivuka. Ifanye nambari ya hati ya forodha kuwa rejea ya lazima. Mfanyabiashara wa Tororo anayeingia dukani, analipa na kubeba mwenyewe bila hati hizo ni mauzo ya ndani, na VAT yake ni ya kawaida hata kama gari lake lina namba za Uganda.

Kama unamwandikia ankara kwa shilingi za Uganda, hakikisha kuna akaunti ya tofauti ya ubadilishaji fedha. Programu huandika tofauti hiyo yenyewe siku ya malipo. Karani asiizibe kwa noti ya krediti.

Madeni ya zamani tuyaingize vipi?

Ankara kwa ankara, kwa nambari na tarehe zake za asili, na kwa kiasi kilichobaki kudaiwa. Usiingize jumla moja kwa kila mteja. Ni kazi ya kuchosha, hasa kama kitabu cha madeni kimejaa mistari ya kalamu nyekundu, lakini ukiweka jumla, ripoti ya umri wa madeni itadanganya kwa miezi mingi na mteja akilipa ankara moja hutajua uioanishe na nini.

Aina ya salio la kuanzia iwe debiti kwa mteja, bila ushuru, bila eTIMS, na upande wake wa pili uwe akaunti ya mpito, yaani ya muda ya kupokea salio zote za kuanzia. Usielekeze kwenye mapato, maana mauzo hayo yalishahesabiwa. Mwenye salio la mbele, yaani aliyelipa zaidi, aingizwe kwa aina ya pili yenye upande wa krediti. Chagua mwisho wa mwezi kuwa siku ya kuhamia. Ukishaingiza wadaiwa, wadai, benki, stoku na mengine yote, akaunti ya mpito lazima isome sufuri. Isiposoma sufuri, kuna kitu hakijaingia, na usianze kazi kabla ya kukipata. Ikishasoma sufuri, zima aina hizo mbili siku hiyo hiyo.

Misimbo tuiandikeje?

Mifupi, ya herufi tatu au nne, na inayosomeka: ANK (ankara), NKR (noti ya krediti), NDB (noti ya debiti), MPS (M-Pesa), ZVT (zuio la VAT). Epuka 01, 02, 03. Karani mpya atakumbuka MPS siku ya kwanza.

Tumegundua aina ilikuwa na akaunti isiyo sahihi, na miamala imeshaingia leja kuu.

Rekebisha aina kwanza, ili kosa lisiendelee leo. Kwenye programu nyingi kubadilisha aina hakubadilishi miamala ya nyuma, kwa hiyo iliyopita uisahihishe kwa jarida moja la leja kuu (ingizo la kuhamisha kiasi kwa mkono), kutoka akaunti isiyo sahihi kwenda iliyo sahihi. Kama kosa liligusa ushuru, jarida halitoshi. Kila ankara iliyotumwa eTIMS inahitaji noti yake ya krediti na ankara mpya.

Usifute miamala wala aina yenye historia. Sheria inataka rekodi za ushuru zitunzwe miaka 5, na pengo kwenye mfululizo wa nambari ni jambo la kwanza mkaguzi ataliuliza. Ukishawasilisha ritani ya VAT, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, funga mwezi huo kwenye programu ili mtu asiurudie.

Tutajuaje kwamba mpangilio uko sawa?

Programu nyingi zina kampuni ya majaribio. Kama haipo, nakili data yako uifanyie kazi pembeni. Ingiza mteja mmoja umpitishe kwenye kila aina: ankara ya 116,000, noti ya krediti ya 11,600, malipo ya M-Pesa ya 50,000, hundi ya 20,000 kisha hundi hiyo irudi, VAT iliyozuiliwa, na kufuta kilichobaki. Baada ya kila hatua tazama sehemu tatu: taarifa ya mteja, leja kuu, na ripoti ya VAT. Andika kwenye karatasi unachotarajia kabla ya kubonyeza, la sivyo utakubali chochote kitakachotokea kwenye skrini.

Mwisho, linganisha jumla ya orodha ya wadaiwa na salio la akaunti kuu ya wadaiwa. Zilingane hadi senti. Ulinganisho huo uufanye kila Ijumaa kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha kila mwisho wa mwezi. Zikitofautiana, panga miamala ya kipindi hicho kwa aina na ulinganishe jumla ya kila aina na leja kuu. Kwa kawaida tofauti yote hukaa ndani ya aina moja, na hapo ndipo pa kuanzia kurekebisha.